Ombi la Kufuta Machipuko Mtaa wa Banksia

Mtaa wa Banksia, Na. 14
Yarrabeel, Victoria
9 Septemba

Ndugu Mhariri wa Gazeti la Yarrabeel,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na nyumba yako ikiwa chafu na yenye amani. Mimi ni msomaji wenu mwenye umri wa miaka kumi na saba. Niliacha shule mwezi Juni, na sijawahi kulalamika kwa maandishi wala kwa mdomo. Leo ninalalamikia ukurasa wenu wa tarehe mosi, siku ambayo kwetu baridi huisha na msimu wa machipuko huanza, "Machipuko Yamefika: Mambo Kumi na Mawili ya Kufanya Nje ya Nyumba Yako".

1. Kabla ya ukurasa huo, baba yangu, Des Hartigan, alikuwa ametulia sebuleni, mguu juu ya mto. Sasa ameukata ukurasa wenu na kuubandika kwenye friji. Kusafisha mifereji ya paa, kukaza misumari ya mabati, kuosha mbao za ukutani, kupaka rangi kingo zote. Nimehesabu: kumi kati ya hayo yanahitaji ngazi. Mama anafanya kazi mgodini, wiki tatu huko na moja nyumbani, kwa hiyo wa kumzuia baba ni mimi, na mimi si mtu wa kuzuia watu.

2. Baba aliwekewa goti jipya mwezi Julai. Daktari alimwambia asipande ngazi hadi Krismasi. Baba anasema, "Daktari alisema ngazi, hakusema ngazi gani. Alikuwa anaongelea zile za hospitali."

3. Kwenye mkaratusi wetu anaishi magpai, ndege mweusi kwa mweupe, mwenye kinyongo. Mwaka juzi baba alikipiga maji kiota chake kwa bahati mbaya alipokuwa akiosha ukuta, na ndege hawa hawasahau sura. Tarishi hamgusi. Mimi hanigusi. Baba akitoa pua tu nje, ndege yuko kichwani. Ndiyo maana baba hupanda akiwa amevaa ndoo ya aiskrimu iliyokatwa upande wa usoni na kuchorwa macho mawili kisogoni, ili ndege adhani anatazamwa. Jumamosi ndoo ilizunguka akiwa juu. Macho yakaja mbele, baba akawa haoni, ndege akaona kisogo kitupu. Jirani yetu, Bwana Vasilis, aliegemea ua akauliza, "Des, leo ni vanila au chokoleti?" Baba akajibu akiwa ndani ya ndoo, "Vasilis, kafagie paa lako." Wapita njia wakacheka. Lakini ngazi ilikuwa inatetemeka, Ndugu Mhariri. Najua, maana niliishika mimi.

4. Kuhusu cheo changu. Nimeshika ngazi hiyo tangu nikiwa na miaka minane. Sheria ya baba ni moja: "Tam, tazama miguu ya ngazi, usinitazame mimi. Ukinitazama mimi, nani anaitazama ngazi?" Jumapili nilimwambia nipande mimi. Nilisema kwa sauti ndogo. Akauliza, "Unasemaje, mwanangu?" Nikasema chai iko tayari. Haikuwa tayari, ikabidi nikaichemshe.

5. Sasa ombi. Baba hamwamini daktari, lakini gazeti lenu analiamini mpaka ukurasa wa mafumbo. Kwa hiyo naomba mchapishe masahihisho kwamba mwaka huu hakuna machipuko. Mnaweza kusema lilikuwa kosa la mpiga chapa. Bila machipuko ndege hatakuwa na mayai ya kulinda, nyasi hazitaota, na baba atarudi kwenye mto wake. Najua mtaniuliza kuhusu majani makavu ya mkaratusi yaliyojaa kwenye mifereji, kwamba moto wa msituni ukija kiangazi, cheche zitatua humo na nyumba itateketea. Nimelifikiria hilo. Futeni na kiangazi. Ikibidi, rukeni moja kwa moja hadi msimu wa mpira, ambao baba huutazama akiwa amekaa.

Naomba msichapishe jina langu. Nimelisaini tu kwa sababu shuleni tuliambiwa barua isiyo na jina ni utovu wa adabu.

Wasalimie wote hapo ofisini, pamoja na yule anayeandika hali ya hewa, ambaye kazi yake itapungua sana.

Wako, mshika ngazi,
Tamsin Hartigan

Baada ya sahihi: Niliacha barua hii mezani nikaenda kutafuta bahasha. Baba ameisoma. Penye "goti" ameongeza "la kushoto" kwa kalamu yake, kisha akatoka nje. Nilipomfuata alikuwa ameshasimamisha ngazi. Akanivisha ndoo, ingawa ndege hana ugomvi nami, akasema, "Haya, panda. Mkono mmoja usiiache ngazi."

Nimemaliza upande wa mbele. Kwenye mfereji nimekuta mipira minne ya tenisi na miwani ya baba ya mwaka juzi. Kwa hiyo tafadhali msifute machipuko, hasa wiki hii, maana nimebakiza upande wa nyuma na rangi yote. Orodha yenu ni nzuri, ila ongezeni jambo la kumi na tatu: wafundisheni watu kushika ngazi. Baba hajui kabisa. Hatazami miguu ya ngazi hata kidogo. Ananitazama mimi.