Watoto Kumi na Wanne Waitwao Ng

Jumanne, 8 Septemba 1998
Vyeti 64 vya kipaimara! Sista Marsela wa ofisi ya parokia kasema atakayeviandika bila kosa kabla ya Jumapili atapewa kile chumba cha mbele, hapa Nsemulwa, kiwe ofisi yake ya uchapaji. Mpinzani mmoja tu: Mzee Gaudensi na taipureta yake. Maskini! Mimi nina kompyuta, na programu naandika mwenyewe. Sikufundishwa na mtu. Jina nalitia kwenye kisanduku, kikoma cha juu mwanzoni, kingine mwishoni. Kompyuta inalitoa, inalichapa. Dakika arobaini, kazi kwisha.

Alhamisi, 10 Septemba
Jamani! Watoto kumi na wanne wametoka na jina moja: Ng. Ng'wandu katoka Ng. Ng'wigulu naye Ng. Kompyuta ikikuta kile kikoma cha katikati inadhani jina limeisha, inafunga kisanduku! Sista kauliza hili ni jina au kikohozi. Nikamjibu 50 kwa 64 ni asilimia 78, shuleni angepewa A. Hakucheka. Gaudensi alicheka kwa niaba yake. Eti, "Mdogo wangu, mashine yangu haina akili, ndiyo maana inaandika nilichoandika." Kisha kafunua kitabu changu cha programu, kasoma kwamba ukizungushia jina vikoma pacha, kile cha ndani hakiguswi, jina linabaki lilivyo. Nifundishwe kompyuta na mtu wa taipureta? Thubutu!

Ijumaa, 11 Septemba
Nimefuta vikoma vyote vya kwenye majina. Safi kabisa! Nyanzala, mama yake Ng'wandu, kaja kukagua. Kagoma. Huyo Ngwandu yeye hajamzaa. Nikasema ni kikoma tu, mama. Kanijibu nikaite ng'ombe bila hicho kikoma, nione kama watageuka.

Jumamosi, 12 Septemba
Akili ni mali! Nimeiamuru kompyuta: wakati wa kuchapa, kila penye ng, ongeza kikoma. Nimekagua yale majina 14. Yote sawasawa. Bahasha nimefunga kabla ya saa sita. Sista katabasamu. Chumba nimeshakipima kwa hatua: sita kwa nne.

Jumapili, 13 Septemba
Nimekwisha! Padre Benedikto kasoma cheti cha kwanza mbele ya watu wote, kama kilivyo: "Amepokea Roho wa Mung'u." Kanisa zima kicheko, mpaka kwaya! Vyeti 64, Mung'u 64! Majina niliyakagua. Nani angekumbuka kumkagua Mungu? Nyanzala kanidaka mlangoni: "Fundi, mwanangu umemrudisha. Sasa Mungu umempeleka wapi?"

Jumatatu, 14 Septemba
Gaudensi kahamia chumba cha mbele. Anachapa upya, cheti kimoja kimoja, vidole viwili. Nimekaa nikapiga hesabu vizuri. Vikoma 14 tu ndivyo vilivyoniponza. Kosa si la kompyuta, wala si langu. Limeanzia kwenye ubatizo! Nimemwandikia Padre barua ya heshima: kuanzia sasa, watoto wabatizwe majina yasiyo na vikoma.