Rupia ya Rangi ya Tausi

Jumatatu, 30 Oktoba

Tangu asubuhi sijielewi. Dengu zimeungua, sijali.

Mwanangu Chinmay ametuma picha kwenye kundi la familia. (Chinmay ana shahada mbili. Yuko Bengaluru kwenye kampuni ambayo jina lake siwezi kulitamka, basi mtu mwenyewe apime ukubwa wake.) Picha ni ya rupia ya fedha, ya zama za Malkia Victoria. Nilitarajia kitu cheupe. Wapi. Ukingoni ni njano kama zafarani iliyolowekwa kwenye maziwa, kisha unaingia wekundu, kisha zambarau, na kwenye shavu la Malkia kuna buluu ileile ya shingo ya tausi. Hakuna aliyeipaka. Chinmay anaeleza kwamba fedha ikilazwa miaka mingi kwenye karatasi bila kuguswa, inaiva rangi yenyewe. Wakusanya sarafu huililia hiyo kuliko ile nyeupe.

Chini ameandika kwamba inauzwa mtandaoni, ila mshahara wake haufiki huko. Na kwamba Diwali hii pia, sikukuu yetu ya taa, hatakuja, kazi zimembana.

Diwali ya tatu hiyo. Nimekaa na simu mapajani, nikiitazama ile buluu. Halafu wazo likaja lenyewe, limeshaoga na kuvaa. Nitainunua mimi. Nitamwambia iko hapa Indore, na haisafirishwi. Akiitaka, aje aichukue kwa mkono wake.

Jumanne, 31 Oktoba

Bei ni ya jokofu. Hasa lile jokofu ambalo Girdhari, mume wangu, analisubiri tangu astaafu idara ya umeme. Pesa ziko kwenye debe la unga, mahali ambapo anadhani mimi sijui kwamba anajua.

Nimemwambia polepole, wakati anakula. Akauliza, Mama Chinmay, hiyo sarafu ndiyo itagandisha barafu? Nikamwonyesha picha. Akavaa miwani. Akaacha kutafuna. Akasema, eh, kumbe. Kwa Girdhari hiyo ni hotuba.

Kosa lake ni kumwambia dada yake. Urmila alifika kabla sahani hazijaoshwa. Wifi yangu ana mwana mwenye gari jipya na kila sentensi yake inapita kwenye gari hilo. Akatazama picha, akacheka puani. Wifi, akasema, hizo wanapika. Wanaifungia fedha pamoja na yai lililochemshwa, inatoka na rangi, wanawauzia wajinga. Akaongeza kwamba mwanawe alipokuwa anaendesha kwenda Ujjain alisikia redioni.

Sijapata usingizi wa mchana.

Jumatano, 1 Novemba

Nimempigia muuzaji. Bwana Naqvi, mzee wa Lucknow. Sijawahi kuongea na mtu mwenye adabu kama ile. Nilianza kwa kumwita tapeli, akanishukuru kwa tahadhari yangu. Akasema, dada yangu, wewe usiharakishe, sarafu imesubiri tangu kwa babu yangu, itakusubiri na wewe. Ilikaa kwenye kijitabu cha karatasi, ndani ya kabati la msaji. Kila masika rangi ilisogea kidogo kutoka ukingoni kwenda katikati. Babu alizeeka akiitazama.

Nikashindwa kumtukana tena. Akaniusia nikiipata niishike kwa ukingo tu, na nisiipanguse hata kwa kitambaa laini. Nikamwambia naam. Baadaye nikajiuliza: mtu mkweli ataogopa kitambaa kwa nini?

Ijumaa, 3 Novemba

Mimi nimeishia darasa la nane lakini mama wa msomi huwa anapata mabaki ya elimu. Nimeamua kufanya jaribio.

Shida ni yai, maana sisi hatuli nyama wala mayai. Tangu nyumba hii ijengwe halijaingia yai wala ganda lake. Nimejifunga mtandio usoni mpaka machoni, kama wasichana wa pikipiki, nikaenda kwa mkaanga mayai wa stendi. Akanisalimia, Shikamoo Mama Chinmay. Sijui mtandio una kazi gani.

Nimelichukua moja la kuchemsha, nikaliponda ndani ya kopo pamoja na sarafu ya fedha niliyopewa siku ya harusi, nikaficha juu ya paa, nyuma ya tangi.

Jua la Indore halina siri. Kufika adhuhuri Girdhari anatangaza kwamba kitu kimefia kwenye maji. Majirani wakapanda. Urmila naye, sijui alinusa kutoka kwake mtaa wa tatu. Kopo alilifungua yeye. Nikasema ni dawa ya nywele. Akaniuliza, nywele zipi hizo, wifi?

Paa limeoshwa kwa maji matakatifu ya Mto Ganga, chupa nzima ya akiba. Lakini sarafu niliiokoa. Imekuwa rangi ya chai iliyochacha, na baka la samawati katikati, limeanguka tu kama wino wa mtoto. Nikaiweka kando ya picha. Ile ya Lucknow rangi zake zimepanga foleni kuanzia ukingoni, hakuna inayomsukuma mwenzake. Yai haliwezi. Muda tu ndio unaweza.

Jumamosi, 4 Novemba

Nimeinunua. Girdhari ndiye aliyebonyeza. Akasema maji ya mtungi ni matamu zaidi hata hivyo.

Alhamisi, 9 Novemba

Imefika. Picha ni uongo mtupu, picha haikusema kitu. Ukiilaza mkononi imelala. Ukiiinamisha kidogo kwenye mwanga, inaamka: zambarau inapita juu ya paji la Malkia kama kivuli cha wingu, na buluu inawaka kutoka chini. Girdhari alisogeza kiti. Tukakaa wawili tunaiinamisha. Miaka yote hiyo gizani ilikuwa inajipamba, na hakuna aliyeiomba.

Nikamwandikia Chinmay: iko nyumbani, njoo. Akapiga simu papo hapo. Sauti yake ilipasuka kama alipokuwa darasa la saba. Amekata tiketi ya treni. Anafika Jumapili, siku ya Diwali yenyewe.

Ijumaa, 10 Novemba

Dhanteras. Siku ya kuingiza fedha mpya nyumbani na kuiweka mbele ya Lakshmi, mungu wa kike wa mali.

Urmila alipita kukagua. Akaiona rupia kwenye sinia. Akasema, masikini, hata ukwaju wa kusugulia umewaishia? Mungu wa kike aingie nyumba yenye fedha nyeusi?

Nyeusi! Nilibaki jikoni nawaza. Kweli kila nyumba mtaani leo inasugua. Na nikawaza zaidi, kwa akili yangu mwenyewe: kama ikiwa na vumbi la miaka yote hiyo inang'aa kama tausi, ikiwa safi je? Chinmay aikute katika uzuri wake wote. Na lile katazo la kitambaa likanirudia. Bwana Naqvi ni mtu wa adabu, lakini ni muuzaji.

Ukwaju na majivu, kwa kidole gumba. Sekunde chache tu. Malkia akatoka mweupe kama wali.

Nilitafuta buluu. Kwenye maji haikuwemo. Kwenye kitambaa haikuwemo. Imekwenda wapi buluu yote ile?

Lakini inang'aa. Urmila mwenyewe alijitazama ndani yake akatengeneza nywele.

Jumapili, 12 Novemba

Chinmay amekonda. Aliweka begi chini, akanawa mikono, akaishika rupia kwa ukingo. Akaigeuza. Akauliza, Mama, ile yenyewe iko wapi? Nikamwambia ndiyo hiyo, mwanangu, nimekusafishia.

Akairudisha kwenye sinia, kando ya jalebi, vile vitamu vya kukaanga. Akasema kwa upole kwamba ilijichora kwa zaidi ya miaka mia moja, na mimi nimeifuta kati ya chai na chakula cha mchana. Sasa ni fedha ya kupimwa kwa mizani tu. Akaniuliza kwa nini niliinunua, mimi nisiyekusanya hata vifungo.

Nikainamia sahani ya jalebi. Girdhari ndiye aliyesema, bila kuinua kichwa: ili uje, mjinga wewe.

Chinmay akanitazama. Kisha akacheka, akacheka mpaka akalaza kichwa mapajani pangu, na machozi yake yakalowesha sari mpya. Nje fataki. Mwanga wa fataki ulipita kwenye uso wake, mwekundu, kisha kijani, kisha buluu. Sikusogea.

Alhamisi, 16 Novemba

Aliongeza likizo, ameondoka leo. Amenipigisha magoti mbele ya Lakshmi, nimeapa: sarafu ya zamani sitaisafisha tena. Kiapo ni kiapo.

Lakini nimepiga hesabu zangu. Miaka ambayo sarafu ilikuwa chafu huko Lucknow, hakuja. Iliposafishwa, alikaa siku za ziada. Wasomi hawayaoni mambo haya.

Na leo kwenye simu nimeona stempu. Si sarafu, stempu. Kongwe, yenye meli ndogo, wino wa buluu niliyoshindwa kuacha kuitazama. Ila mtu wa posta ameigonga mihuri miwili usoni, mikubwa, bila huruma. Kila mama wa mwanafunzi anajua wino hutolewa kwa maziwa ya moto. Nimempigia Bwana Naqvi anisaidie kuipata. Alinyamaza kwa adabu kubwa.

Chinmay nimemwambia akate tiketi ya Holi, sikukuu ya rangi, mapema, kuna kitu kizuri kinamsubiri.