Mashine Kumi Bubu

Mteja alikuwa bado mlangoni, anatafuta pa kusimamisha mwavuli wake, na Ingénieur Esdras alikuwa ameshamaliza kumpima. Viatu vyeusi vilivyopigwa dawa asubuhi ile. Mfuko wa makaratasi kwapani. Salamu ya Kiswahili cha Lubumbashi. Huyu ni mfanyakazi wa serikali aliyetumwa huku kutoka mbali, akajiambia, na kitu kikinunuliwa hapa leo, hakitanunuliwa kwa pesa ya mfukoni mwake.

“Karibu, Mama Chef. Hapa njo Maison La Voix. Mashine mugonjwa inaingia, mashine muzima inatoka.”

“Mi naitwa Gaëlle. Natoka Beni,” mwanamke akasema. “Kuko mashine kumi kule. Balitia système mupya, sauti yote ikapotea. Kumi, yote bubu.”

Kumi! Hapa inafaa tusimame kidogo, kwa heshima zote, tueleze biashara ya Esdras, ili msomaji ajue ni kwa nini alilazimika kukohoa ili asicheke.

Cheo cha ingénieur alijipa mwenyewe siku alipopaka rangi kibao cha duka lake pale Butembo, baada ya kuona nafasi imebaki mbele ya jina. Kazi yake ilikuwa kuwatilia watu système mpya kwenye kompyuta, kwa bei ya chini kuliko mji mzima. Na système iliingia vizuri, hilo hatumnyimi. Ila kuna kitu kimoja alikisahau kwa makusudi kila mara: pilote ya sauti, ile programu ndogo inayoifundisha système mpya namna ya kuongea na kadi ya sauti iliyomo ndani ya mashine. Bila pilote, kadi ipo, spika zipo, lakini mashine imenyamaza kama mtoto aliyevunja sahani.

Mteja aliporudi analalamika, Esdras aliinamisha kichwa kama padri kwenye maziko. “Pole sana. Kadi ya sauti ilikufa. Système mupya iliipita nguvu. Ingine itatoka Dubai.” Mteja akalipia kadi ya Dubai, akabeba mashine yake bubu, akaenda kungoja. Wenye kelele walirudishiwa sauti baada ya wiki mbili, kwa kazi ya dakika kumi na clé USB moja yenye uzi mwekundu, ambamo Esdras alikuwa amekusanya pilote za kila aina kwa miaka sita. Wenye adabu waliendelea kungoja. Esdras aliwapenda sana watu wenye adabu.

Ujanja wake wa pili ulikuwa mdogo zaidi, karibu wa nyumbani. Kila Jumamosi asubuhi maduka hufungwa na watu wote hutoka na majembe na fagio kufanya salongo: kuzibua mitaro, kuziba mashimo ya njia. Aliyetumika hupewa jeton, kikaratasi chenye muhuri, na asiye nayo akikutwa barabarani atapewa jembe hapo hapo. Tangu anunue imprimante, mashine ya kuchapisha makaratasi, Esdras hakuwa ameshika jembe. Jeton zake zilikuwa na muhuri wa buluu uliokaa vizuri sana, na nusu ya wavivu wa Butembo walikuwa nazo.

Maisha yake yangekuwa matamu kabisa kama si Joyeuse. Joyeuse alikuwa fundi cherehani wa ng’ambo ya barabara, na Esdras alimpenda hata chakula kilikuwa hakishuki. Joyeuse naye hakumchukia. Tatizo lilikuwa mama yake, aliyekaa Beni, ambaye Esdras hakuwahi kumwona, na ambaye alikuwa ametuma neno moja tu: “Mukwe bila kazi, hapana. Alete karatasi yenye cachet, nione kama anatumikaka kazi ya kweli.”

Esdras alijaribu kulainisha mambo kwa zawadi. Majuma mawili nyuma, Kambere wa taxi-moto, aliyemletea mashine za Beni bila yeye kuwaona wenyewe, alikuwa ameleta ya chorale moja ya kule, na kwa sababu wanakwaya hawakuwa na pesa, kadi ya Dubai ililipwa kwa kapu la samaki wa ziwani, kutoka Kyavinyonge, mpini wake umefungwa kitambaa cha manjano. Esdras alikula nusu, akamvukishia Joyeuse nusu na kapu lake. Joyeuse alikiangalia kile kitambaa muda mrefu.

“Ulitoa wapi hii kapu?”

“Muteja moja wa Beni. Ananiheshimiaka sana.”

Joyeuse akarudi kwenye cherehani. Esdras alidhani ni furaha.

Basi turudi dukani, ambako Mama Gaëlle bado amesimama.

“Zile mashine ni za bureau ya serikali?” Esdras akauliza, sauti yake laini kama siagi.

“Zote ziko na étiquette, imebandikwa muzuri.”

“Na contrat, mukataba?”

“Papa, tuanze na kazi. Jumamosi, saa moja asubuhi, mu salle moja ya commune ya Ruwenzori. Batu batakuwa pale, uwaeleze kila kitu unafanya. Kazi ikiisha, unapata karatasi yako yenye cachet.”

Karatasi yenye cachet! Esdras akashika ukingo wa meza. Akamwona mama mkwe anausoma muhuri wake, akajiona fundi wa serikali, leo mashine kumi, kesho mia. Mtu mwenye akili ya mbali hulegeza mkono mwanzoni, na yeye alijihesabu kati ya watu hao.

“Mama Chef, zile kumi za kwanza, ni cadeau, ya bure. Tutaongea juu ya ya kumi na moja.”

“Asante,” Gaëlle akajibu, upesi kuliko watu wa serikali wanavyojibu kwa kawaida.

Ijumaa Esdras alishuka Beni. Joyeuse alikuwa na safari ya kumsalimia mama yake, wakapanda gari moja, na njia nzima binti aliangalia nje ya dirisha huku anauma mdomo kama mtu anayezuia kitu. Esdras akadhani ni mapenzi.

Jumamosi saa moja kamili alikuwa kwenye ukumbi ule, shati limenyooshwa. Walimngoja watu ishirini hivi, wamevaa nguo za shamba na mabuti ya mpira, na ukutani majembe yao yamepangwa mstari. Esdras aliona ajabu jinsi watumishi wa serikali wa Beni wanavyovaa, lakini mashine kumi zilikuwa mezani, kila moja na étiquette nyeupe kubwa mgongoni, iliyoandikwa namba. Tamaa ilimfunga macho, akakaa.

“Muangalie muzuri,” akaanza. “Hapa unafungua liste ya vifaa. Unaona alama ya manjano pembeni ya son, ya sauti? Système inasema: kitu kiko, lakini sikijui. Donc tunaipa pilote yake.” Akachomeka clé yenye uzi mwekundu, akachagua, akangoja, akaizima mashine na kuiwasha. Mashine ikalia tiing. Watu wakapiga makofi.

Kofi ni dawa kali. Esdras hakuwa amepigiwa makofi tangu shule ya msingi. Mashine ya pili ikalia. Ya tatu ikamshinda: pilote imeingia, alama ya manjano imeondoka, lakini kimya. Akakuna kichwa, akatafuta, akakuta sauti inatumwa kwenye tundu la télévision ambayo haikuwepo. Akaigeuzia kwenye spika, nayo ikafunguka. Ya sita ilimtoa jasho. Pilote mpya kabisa iligombana na mashine kuukuu, mpaka akaitoa na kurudisha ile ya zamani ya kiwanda. Ilipolia, Esdras aliruka juu kwa furaha ya kweli, na kwa muda akasahau kabisa kwamba yeye ni mwizi.

Katekista mmoja mzee, Papa Gamaliel, aliandika yote kwenye daftari. Gaëlle, pembeni, alikuwa ameomba clé “kwa archives”, na pilote zote za miaka sita zikanakiliwa kwenye kila mashine iliyopona. Esdras alimpa bila kuangalia.

Ya tisa ilinuka samaki.

“Hii ni ya service gani?”

“Ya pêche, ya bavuvi,” Gaëlle akasema, uso mkavu.

Jibu likamtosha. Alikuwa anaimaliza ile ya kumi Papa Gamaliel aliponyoosha kalamu.

“Mwalimu, minakuuliza. Kadi ya Dubai, inaingiaka mu hatua gani?”

“Dubai gani, papa?” Esdras akajibu bila kuinua kichwa, mikono inakimbia kwenye kibodi. “Kadi ya sauti hapana kufa ovyo. Ile ya Dubai tunasemaka juu ya kudanganya bajinga.”

Mashine ya kumi ikalia tiing. Hakuna aliyepiga makofi.

Papa Gamaliel akafunga daftari, akaenda kwenye mashine ya kwanza, akaingiza ukucha chini ya étiquette nyeupe na kuibandua polepole. Chini yake kulikuwa na kibandiko kingine, cha kijani, kilichoandikwa kwa herufi nzuri: MAISON LA VOIX, Ing. Esdras, Butembo. Mwanamke mwingine akabandua ya pili. Kijani. Ya tatu, ya nne, zote kumi, kila mtu kwenye mashine yake, na jina la Esdras likazidi kuongezeka mezani mpaka akatamani angebatizwa jingine.

Akautazama mlango. Mlangoni kulikuwa na mama mnene, kichwani kitambaa cha manjano, mkononi jembe.

“Mi naitwa Kavugho,” mama akasema. “Niko naongoza chorale. Majuma mawili batu bangu banaimba kwa kukisia, juu nyimbo zote ziko mu hii mashine. Samaki yangu ilikuwa tamu?”

“Mama…”

“Nilifunga lile kapu na mukono yangu. Mutoto wangu anajua kitambaa ya mama yake.”

Nyuma yake akatokea Joyeuse na lile kapu, tupu. Jela Esdras hakuiogopa kama alivyoliogopa jicho lile la Joyeuse. Aliona haya, haya ya kweli, mpaka masikio yakamwaka.

“Muniitie polisi,” akanong’ona.

“Polisi ya nini?” Mama Kavugho akaegemea jembe lake. “Leo ni Jumamosi. Quartier yote, mutaa muzima, inatumika salongo. Bengine balizibua mutaro, we ulizibua mashine. Chef wa quartier alikubali. Gaëlle, mupe karatasi yake.”

Gaëlle, aliyekuwa mtu wa serikali kichwani mwa Esdras tu, akamkabidhi jeton moja, yenye muhuri wa zambarau. Salle ikaangua kicheko, na mashine ya samaki ikaanza kuimba, sauti nne nzuri, wanakwaya wakaidaka juu kwa juu.

“Njo karatasi yenye cachet,” Mama Kavugho akasema karibu na sikio lake. “Inatosha kuingia mu kiwanja yangu. Kuingia mu nyumba, tutaona. Kuko batu bengine bananyamaza na mashine yabo bubu kule Butembo. Jumamosi ni mingi.”

Saa tano na nusu asubuhi, Esdras na Joyeuse walikuwa wanaingia Butembo. Kwenye kizuizi gari likasimamishwa, na kijana wa salongo akanyoosha mkono dirishani.

“Jeton!”

Kwa mara ya kwanza maishani Esdras aliitoa kwa fahari. Kijana akaiangalia mbele na nyuma, akatoa mfukoni ile anayotumia kulinganishia, akatikisa kichwa.

“Ya uongo hii. Cachet ya kweli iko buluu. Angalia.”

Esdras akaangalia. Aliitambua vizuri sana: hata ule mkwaruzo mdogo wa kona ya kushoto, kosa la imprimante yake. Tatu za namna ile zilikuwa kwenye pochi yake, sentimeta chache kutoka kwenye vidole, na ingetosha kuchomoa moja.

Joyeuse alikuwa anamwangalia.

Esdras akaiacha pochi mfukoni. Akaichukua tena ile ya zambarau, akaikunja kwa uangalifu, akaitia kwenye mfuko wa shati, akashuka na kupokea jembe. Joyeuse naye akashuka, akageuza kapu tupu la mama yake na kulikalia kando ya mtaro.

“Ingénieur,” akamwita baada ya kitambo, “pale mu kona, maji hapana pita.”

Esdras akasogea kwenye kona, akachimba.