Puuza Mstari Huu

Jumatatu, 3 Machi
Nimedhalilishwa ofisini. Na nani? Na mashine! Bi Kufuli, yule mama wa usalama wa mitambo, katuwekea kikaguzi kinachosoma kila mstari wa programu tunazoiandikia hospitali. Kikiona nenosiri ndani yake, kinakataa kazi nzima. Yangu kimeikataa mchana kutwa. Ndiyo, nenosiri la mtambo wa kuwatumia wagonjwa ujumbe nimeliandika humo humo, peupe. Liko karibu, halimsumbui mtu. Bi Kufuli anataka likafungiwe kwenye hifadhi yake ya siri, na kuingia huko sharti umwombe yeye. Mimi? Nimwombe? Thubutu!

Jumanne, 4 Machi
Ushindi! Kumbe ukiandika pembeni "puuza mstari huu", kikaguzi kinatulia kama maji ya mtungi. Kinadai sababu tu. Nikaandika: si nenosiri la kweli, ni mfano. Nikanogewa, nikabandika "puuza" kila kilipofungua mdomo. Mkuu wetu kanisifu kwa kasi. Bi Kufuli kanitazama kwa pembe ya jicho. Wivu utamuua.

Jumatano, 5 Machi
Kikao. Bi Kufuli akauliza, mbele ya watu, kama mifano yangu ni mifano kweli. Nikamjibu kwamba nimeandika kwa herufi zinazosomeka, asiyejua kusoma asitafute mchawi. Kicheko. Mkuu akafurahi zaidi: kama hakuna siri ndani, basi programu yote iwekwe wazi mtandaoni leo leo, hospitali nyingine zijifunze kwetu. Nilitaka kusema neno. Ningesema nini, kwamba nilidanganya? Nikapiga makofi pamoja na wenzangu. Yote haya kayataka yeye na maswali yake!

Alhamisi, 6 Machi
Wahuni wamelipata nenosiri hata chai haijapoa. Wagonjwa wote wamepokea ujumbe kwa jina la hospitali: miadi yako imefutwa, nunua dawa ya upara. Mama mkwe wangu alikuwa benchini akisubiri kupasuliwa mtoto wa jicho, tumbo tupu tangu jana. Kusomewa tu ule ujumbe, akarudi nyumbani, akala sahani mbili. Daktari akamtafuta kwa simu. Tumbo limejaa, upasuaji hakuna. Mama wa watu akalia. Mke wangu ananiuliza ni mpumbavu gani huko kazini kafanya haya. Nimemwambia uchunguzi unaendelea.

Ijumaa, 7 Machi
Mkuu kanifokea mpaka mate yakanifikia. Bi Kufuli alishabadilisha nenosiri jana, kimya kimya, akalifungia. Kisha, na hapa ndipo damu inaponichemka, akaenda mwenyewe hospitalini kumwombea mama mkwe nafasi ya Jumatatu. Akapewa! Mke wangu sasa anamwita dada. Amemwalika chakula Jumapili. Nyumbani kwangu! Kwenye kiti changu!
Mimi nimeamriwa kufuta kila "puuza", na yeye kakaa pembeni akinitazama vidole. Akaniambia kwa upole kwamba ningeomba tu, angenifungulia hifadhi siku ile ile. Kwa upole! Bora angenitukana.

Jumanne, 11 Machi
Upasuaji umekwenda salama. Mama mkwe sasa anaona mpaka vumbi chini ya kabati langu, na halinyamazii.
Kazini nimekabidhiwa mfumo mpya, wa majibu ya maabara ya wagonjwa wote, pamoja na nenosiri lake. Bi Kufuli katangaza kuwa "puuza" haipiti tena bila idhini yake. Anadhani kanizibia kila tundu! Nenosiri nimeliandika tena humo humo, ila nimelikata vipande viwili, kimoja juu, kingine chini, programu iviunge yenyewe. Kikaguzi kimepita juu yake bila hata kukohoa.
Mifano yangu iliniponza kwa sababu ilikuwa mizima. Sasa tuone!