Kinyozi wa Banabi

Jumatatu, 3 Juni 1996

Priscilla amepiga simu kutoka Voi. Harusi ya mdogo wake imekwisha salama, bibi harusi alilia, mbuzi walitosha. Anatua Heathrow Jumamosi asubuhi. Kisha akauliza kama nimempeleka Banabi kwa kinyozi. Nikamjibu kwamba mipango inaendelea vizuri. Jibu zuri. Halina uongo ndani yake, isipokuwa neno "mipango".

Banabi ni mbwa wetu tangu Machi. Zamani alikuwa wa Bibi Whitcombe, ajuza ambaye Priscilla alikuwa akimuuguza nyumbani kwake hapa Kenton. Bibi alipohamia nyumba ya wazee, mbwa hakuruhusiwa kukaa naye, na mke wangu akarudi jioni hiyo na kilo arobaini za manyoya. Ni mbwa wa kuchunga kondoo, Mwingereza halisi. Huwezi kujua mbele yake ni wapi na nyuma yake ni wapi mpaka aanze kutembea.

Jumapili hii bibi anatimiza miaka tisini. Keki hataki. Anataka kumwona mbwa wake. Msimamizi wa ile nyumba amekubali kwa sharti kwamba mbwa awe safi, amechanwa, hana fundo hata moja. Kabla ya kusafiri Priscilla aliniagiza nitafute kinyozi mwenye ujuzi na mwenye huruma, kwa kuwa Banabi ni mwoga wa mikono ya watu. Ujuzi na huruma, aliyarudia mara mbili. Usijaribu mwenyewe, Linus: hilo mara tatu.

Hayo ni ya wiki mbili zilizopita. Leo nimemtazama mbwa vizuri kwa mara ya kwanza. Manyoya yameshikana kama mkeka uliolowa. Lakini niko likizo, hospitali itasukuma vitanda vyake bila mimi wiki nzima. Siku tano zinatosha na kubaki.

Jirani yangu Ranjan, mfamasia mstaafu, mzaliwa wa Kisumu, ana kimbwa cheupe kiitwacho Moti. Kinang'aa kama jino la bandia. Ni wazi ana kinyozi hodari. Simuulizi. Wakati wa Pasaka nilimwambia penye ua unaotutenganisha kwamba mtu anayempeleka mbwa saluni anafaa kupimwa akili. Alicheka, lakini najua neno hilo aliliweka moyoni.

Jumanne, 4 Juni

Nimefungua kitabu cha namba za simu, nikachagua saluni yenye tangazo kubwa kuliko zote. Tangazo kubwa, ujuzi mkubwa.

Jamaa wa pale hakumsalimu mbwa. Alimfunga shingo kwa mkanda mfupi kwenye pete ya ukutani, akawasha mashine. Banabi akatetemeka mpaka meza ikatetemeka. Nikasema labda anaogopa. Jamaa akasema wote huogopa, wakichoka huacha. Alikuwa amemaliza mguu mmoja wa mbele Banabi alipogeuza uso kunitafuta. Macho sikuyaona, yamefunikwa, lakini nilijua ananitafuta mimi.

Sikuweza. Nilifungua mkanda, nikamwambia jamaa kwamba nimeacha maziwa jikoni, tukatoka mbio wote wawili.

Hali ilivyo: miguu mitatu ya kondoo, mmoja wa kuku aliyenyonyolewa. Njia nzima alitembea akiwa ameegemea goti langu. Tunabaki na siku nne. Ni nyingi.

Jumatano, 5 Juni

Nimejaribu mwenyewe. Priscilla hakukataza kulainisha, alikataza kunyoa tu, ukiyapima maneno yake kwa makini.

Bafuni kuna chupa ya dawa yake ya kulainisha nywele, inayonukia nazi, ambayo siruhusiwi hata kuisogeza. Nilimpaka Banabi bustanini, chupa nzima. Maandishi yalisema iachwe dakika ishirini. Dakika ya tatu Banabi akapita penye mwanya wa ua, akajibingirisha kwenye rundo la majani ambayo Ranjan alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kuyakata.

Akarudi kijani. Kichwa kijani, mgongo kijani, ule mguu wa kuku tu ndio umebaki rangi yake. Kichaka kinachohema.

Ranjan akazima mashine yake, akaja penye ua, akasema ana jambo alitaka kuniambia kuhusu mbwa. Nikamwahi. Nikasema hii ni tiba ya majani ya Kitaita, inajulikana sana kwetu, na kwamba hatuhitaji kitu chochote kutoka kwa mtu yeyote. Akasema basi, sawa.

Hapo nilimshinda.

Nimemwosha kwa mpira wa bustani mara tatu. Kijani kimepungua. Mafundo yamekaza. Nimecheka peke yangu mpaka nikakaa chini kwenye matope, naye akaja akakaa juu yangu.

Alhamisi, 6 Juni

Siku ya kumfuata Ranjan. Kila Alhamisi saa nne hutoka na Moti kikapuni, saa saba hurudi na Moti ananukia waridi. Nilivaa koti la mvua, miwani ya jua na kofia pana ya Priscilla ya kanisani. Mvua haikuwepo wala jua. Banabi nilimfunika shuka.

Ranjan alipita maduka ya Kenton Road akisalimiana na kila muuza mboga. Kila aliposimama nami nilisimama, nikasoma dirisha lililo karibu. Tangazo la darasa la yoga nimelisoma mara nne. Mwishowe aliingia nyumba yenye mlango wa bluu na kibao kidogo, picha ya mbwa na kitana. Nilirukaruka pale pale barabarani. Banabi naye akaruka, shuka likatuzonga, na mpaka nilipojinasua Ranjan hakuonekana tena. Nikajua ameacha mbwa na kwenda zake, kama watu wanavyofanya.

Nikabonyeza kengele. Alifungua mama wa miaka sitini hivi, sari chini ya aproni, mikono imejaa mapovu. Kwa kubabaika nilimsalimu kwa Kiswahili. Akaitikia kwa Kiswahili cha Nakuru, kana kwamba ndicho kinachosemwa mtaa mzima. Jina lake Bharti.

"Nimetumwa na Mzee Ranjan," nikasema. "Anaumwa sana, mama. Amesema nafasi yake ya leo nipewe mimi."

"Anaumwa nini?"

"Kifua. Kimembana ghafla alipotoka hapa, sasa hata kusema hawezi."

"Maskini." Akageuza shingo ndani. "Ranjan-bhai, ndugu yangu, umesikia? Hata kusema huwezi."

Sauti ikatoka jikoni, ikasema kwamba yeye mwenyewe habari hizo zimemshtua, na kwamba kwa ajili ya kifua chake chai iongezwe tangawizi.

Bharti akaitazama kofia yangu, kisha hakunitazama tena. Alipiga magoti mlangoni, akanyoosha mkono chini, kiganja juu, akangoja. Hakuita, hakupiga mluzi. Banabi, ambaye tangu Machi hukimbia kila mkono isipokuwa wetu, alisogea hatua kwa hatua, akaweka kidevu chake pale.

Akampapasa taratibu. Akauliza mguu huu ameunyoa nani. Nikasema ukweli. Haya mafuta ya nazi je? Nikasema ukweli. Uongo wote niliokuja nao ulikuwa umekwisha. Nyuma ya sikio la kulia akasimamisha vidole.

"Hapa kuna fundo limevuta ngozi mpaka ikachubuka," akasema. "Kila akigeuza shingo anaumia. Wewe ulidhani ni uchafu tu?"

Nilivua kofia.

Ranjan akatoka na kikombe chake. Jumatatu, kumbe, alimwona Banabi alipochungulia juu ya ua, akamwomba Bharti atuwekee nafasi ya Ijumaa. Ndilo jambo alilokuja kuniambia jana. Nilipomwambia hatuhitaji kitu, alipiga simu akaiachia nafasi hiyo, na sasa imechukuliwa na mwingine. Bharti hupokea mbwa wawili tu kwa siku, hakimbizi kazi. Iliyobaki ni Jumamosi saa mbili asubuhi. Sharti lake: nije mimi mwenyewe, nimshike kichwa tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu mbwa ameshaamua kuniamini, ingawa yeye Bharti haelewi kwa nini.

"Na uje bila hadithi," akasema.

Akaosha lile jeraha, akampaka dawa, akatupa ruhusa ya kwenda. Nimerudi nikipiga mluzi.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeacha kupiga mluzi. Ndege ya Priscilla inatua Jumamosi saa moja na nusu. Ninatakiwa Heathrow na ninatakiwa kwa Bharti.

Niliwaza kumpigia Priscilla nimwambie ndege imeahirishwa. Nikakumbuka kwamba atakuwa ndani yake.

Mwenye gari ni Ranjan. Nimekwenda kugonga kwake bila kofia, nikamwomba msamaha wa kifua, na wa ile Pasaka, kisha nikamwomba ampokee mke wangu. Alikubali haraka mno. Alifurahi waziwazi. Nikamwomba pia asimweleze mambo ya wiki hii. Akaahidi hatasema neno asipoulizwa.

Priscilla ni muuguzi. Kuuliza ndiyo kazi yake.

Jumamosi, 8 Juni

Kazi ya saa nne nzima.

Bharti hakuwasha mashine. Alimnusisha Banabi kitana, kisha mkasi, kisha akakaa naye sakafuni wakanywa chai, yaani yeye chai, Banabi maji. Ndipo akaanza. Kila fundo alilinyunyizia unga laini wa mahindi, akalifungua kwa vidole kuanzia nchani, mkono mwingine ukiwa umeshika shina la manyoya ili ngozi isivutwe. Fundo likikataa, mkasi mdogo, mara moja, basi. Alikuwa akimsimulia kwa Kiswahili na Kigujarati vikichanganyika: habari za farasi wa jirani yao huko Nakuru, aliokuwa akiwachana manyoya tangu akiwa na miaka saba, na jinsi alivyofika Kenton mwaka sitini na nane akakuta hakuna farasi.

Mimi nilishika kichwa. Magoti yalikufa ganzi. Mkono ulikufa ganzi. Penye lile fundo la sikioni Banabi alilia mara moja, nikashtukia namwimbia tenzi za kanisani kwa sauti ya chini. Bharti akasema niendelee, kwamba naimba vibaya lakini mbwa ametulia.

Mwishowe akakata yale ya usoni. Banabi ana macho. Moja la kahawia, moja la bluu kabisa. Miezi mitatu nimeishi naye sikujua. Alinitazama, nami ilinibidi niangalie dirishani, ambako Waingereza walikuwa wakipita na bendera kwenda Wembley kwenye mpira, mmoja amejipaka uso mzima.

Ranjan akaegesha gari. Priscilla akashuka bila kunisalimu, akaja moja kwa moja kwa Banabi, akampigia magoti. Akampapasa masikio, mgongo, tumbo, kama anavyompima mgonjwa. Hakukuta fundo. Akamshika Bharti mikono yote miwili.

Kisha akanigeukia.

"Baba Wakesho," akasema, kama anavyoniita akiwa na kesi nami. "Chupa yangu?"

Ranjan akasema aliulizwa.

Jumapili, 9 Juni

Bibi Whitcombe alikuwa amewekwa bustanini, blanketi miguuni. Siku hizi haoni vizuri, na Priscilla alikuwa amenionya kwamba pengine hatamtambua mtu. Banabi alimwona kutoka lango. Sikuwahi kujua anaweza kukimbia hivyo. Nilidhani atamwangusha na kiti chake, lakini hatua mbili kabla ya kufika alisimama, akaenda polepole, akaweka kichwa mapajani.

Bibi akampitishia vidole, paji la uso, masikio yote mawili. Vidole vilikaa nyuma ya sikio la kulia kwa muda.

"Aliyemgusa huyu ana mikono mizuri," akasema. "Niambieni nani, nimshukuru."

Priscilla akasema ni Bharti. Nami nikasema, kwa unyenyekevu, kwamba nilimshika kichwa. Bibi akanyoosha mkono akanishika shavu, akasema basi asante, mshika kichwa. Wote tulicheka, na Priscilla akalia, kisha akanishika mkono, na hakuuachia mpaka chai ilipoisha. Kuhusu chupa hakusema tena.

Wauguzi, msimamizi, watoto wa wazee wengine, wote walikuja kumgusa mbwa. Kila mmoja ana mbwa kwao, na kila mmoja anauliza huyu kinyozi anapatikanaje. Wakauliza mimi ni nani kwake.

Jumatatu, 10 Juni

Nimerudi kazini, lakini akili haiko kwenye vitanda. Jana niliwaambia kwamba mimi ni katibu wa Bi. Bharti, na kwamba nafasi zote hupitia kwangu. Neno lilitoka lenyewe na likapokewa vizuri sana. Niliandika majina nyuma ya bahasha: mbwa kumi na wanne, paka mmoja, na kasuku wa msimamizi, ambaye nimemweka Ijumaa saa tatu. Leo katika lifti nimeongeza daktari wa mifupa na mbwa wake watatu.

Wawili kwa siku ni mazoea tu ya Bharti. Akianza saa kumi na moja alfajiri, wanafika saba. Nimechora ratiba kwa kalamu za rangi mbili, inapendeza. Wa kwanza watatu wanakwenda kwake kesho asubuhi, nimewapa anwani.

Bharti bado hajui. Atafurahi sana.