Upanga Mrefu wa Dada Fusae

Jumatatu, 14 Januari 1974

Theluji mpaka dirishani. Mazoezi ya baridi yameanza: alfajiri, miguu mitupu. Vidole vyangu vya miguu vimeniaga.

Mwalimu Kanno katangaza jambo. Jumamosi mimi na bibi mwenzangu Yasu, muuza tofu ya soya, tutapambana kwa panga za mianzi, pigo moja tu. Mshindi ndiye atakayekwenda hekaluni Jumapili na ule upanga wa mpini mrefu wa marehemu dada yangu Fusae, afungue nao sherehe ya mwaka. Wa dada yangu! Yeye alipelekwa shule, akajifunza upanga huko. Mimi nilibaki na watoto wa watu mgongoni. Jioni akirudi alinifundisha uani kwa mpini wa ufagio. Nani mwingine aushike?

Yasu kasema yeye na Fusae walikaa dawati moja. Nikamwuliza kama hilo dawati ndilo lililomzaa. Mwalimu akatuamuru tuinamishiane vichwa. Nikainamisha. Kidogo.

Jumanne, 15 Januari

Ukutani mwa ukumbi wa mazoezi kuna karatasi ndefu yenye alama moja kubwa nyeusi. Mwalimu husema nguvu yetu yote imo humo. Herufi nyepesi nazijua, nilijifunza kwenye kitabu cha mjukuu. Hizo nzito sizijui, na kumwuliza Mwalimu mbele ya Yasu, bora nife. Nikamchorea Togashi wa posta alama yenyewe kwenye theluji. Kasema inasomeka "shinobu", akaenda zake na mfuko wake wa barua.

Shinobu! Kunyata! Kwenda kimya kama paka jikoni! Miaka minne najipinda kwa adabu, kumbe fadhila yenyewe ni hii. Hii naiweza.

Jumatano, 16 Januari

Nimenyata. Nimefika ukumbini kabla ya wote, na mfuko wa pumba za mchele. Nimesugua nazo sakafu upande wa Yasu hadi nikaona meno yangu humo, yote matatu. Hapo hata inzi angeteleza.

Mwalimu akaingia, akanikuta nimepiga magoti, kitambaa mkononi. Machozi yakamlengalenga. Watu walipofika akaniita mfano wa unyenyekevu. Kwa heshima hiyo, akanihamishia upande ule uliong'aa.

Nimeanguka mara nne. Yasu kaniuliza kama nyumbani kwangu sina mahali pa kulala.

Alhamisi, 17 Januari

Kiuno kinaniua. Nimenyata tena. Nimejificha nyuma ya mapipa ya soya dukani kwa Yasu, kumpeleleza. Siri nimeipata! Anafanya pigo la muundi, chini kulia, tena na tena. Kila akimaliza kumi anaigeukia picha ya Fusae na kumwuliza, "Hapo je, Fusa?"

Fusa! Hata mimi sikuwahi kumwita hivyo.

Nikapiga chafya.

Hakunifukuza. Kaniletea bakuli la maziwa ya soya ya moto, akasimama palepale mpaka nikamaliza. Mwanamke mwovu. Nikaomba la pili.

Ijumaa, 18 Januari

Mwalimu kaieleza alama mbele ya wote. Juu ni makali ya upanga, chini ni moyo. Upanga umeulalia moyo na moyo hautikisiki. Yaani kuvumilia. Kuvumilia!

Nikamfuata Togashi mpaka posta. Kasema shinobu ni kunyata, na shinobu ni kuvumilia, sauti ileile, na mimi sikumwuliza ipi. Nikamwambia asiniletee tena barua. Kasema sijawahi kupata barua.

Jumamosi, 19 Januari

Yasu kaja chini kulia, kama nilivyojua. Nikakinga, nikamchapa muundi. Paa! Bendera tatu za waamuzi juu, zote za kwangu!

Nikatupa mikono hewani. Nikaruka, na umri huu. Nikapiga kelele: "Dada, umeona? Umeona?"

Bendera zikashuka, zikapepea kukataa. Pigo limefutwa. Kwetu anayeshangilia pigo lake ni kama hakupiga. Ukishapiga unatulia, macho kwa mwenzako. Wakaamuru tuendelee. Mimi bado nilikuwa namweleza mwamuzi alivyo kipofu. Yasu kanigonga utosini.

Yeye hakushangilia. Kainama, chini kabisa. Hilo limeniuma kuliko utosi.

Jumapili, 20 Januari

Niliapa siendi. Yasu kaja mlangoni anachechemea. Kasema muundi wake umevimba kwa lile pigo ambalo halikuwepo, na ngazi za hekalu ni themanini na saba, nani atambebea upanga mpaka juu? Nikamwambia aache uongo, jana katoka ukumbini anatembea kama bata mzima.

Kasema, "Kiyo, funga mdomo ubebe."

Nimeubeba. Ngazi zote. Mpini umelika pale dada alipozoea kushika, na kidole changu kimekaa humo sawasawa. Juu nikampa Yasu. Akafungua sherehe vizuri, mchawi yule. Halafu kasema polepole kwamba leo tumemshinobu Fusae. Nikamwambia mimi leo sijamnyatia mtu. Kasema ipo maana ya tatu: kumkumbuka marehemu kwa mapenzi.

Neno moja milango mitatu, na mimi wiki nzima napita dirishani! Tumelia wote wawili, kila mmoja akisingizia baridi.

Tukiwa tunashuka Mwalimu kasema mwakani hakuna pambano. Upanga ataubeba aliye mnyenyekevu kuliko wote. Vizuri sana! Mji huu hauna mtu wa kunishinda kwa unyenyekevu, na Yasu atalijua hilo vizuri. Kesho nawahi kusugua sakafu. Pumba nimeshaziweka kando ya viatu.

Upande wake tu.