Sufuria Isimame Kizimbani

Ukumbi wa Mtaa wa San Roque Ilaya,
Batangas.
Jumanne, 14 Mei

Kwa Mtayarishaji wa kipindi cha televisheni "Mahakama ya Saa Kumi",
Manila.

Ndugu Mtayarishaji,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na hakimu wenu pia, ambaye Ijumaa iliyopita alionekana ana mafua. Mimi ni mwenyekiti wa baraza la usuluhishi la mtaa huu, mwaka wa kumi na tisa sasa. Kabla ya hapo niliandika habari za mahakama katika gazeti la mkoa. Yote yaliyomo humu nimeyaona mwenyewe au nimeyahakikisha kwa watu wawili.

1. Rhodora Magpantay na Teodelyn Caringal wamepika supu ya tambi, lomi, kwa miaka kumi na mmoja katika kibanda kinachotazamana na ukumbi huu. Mwezi wa pili walichaguliwa wote wawili kuingia kwenye lile shindano la televisheni ambalo watu kumi na wawili hufungiwa katika nyumba yenye kamera mpaka abaki mmoja. Siku ya tisa Teodelyn alikula peke yake ukoko wote wa sufuria ya wali. Rhodora akamwambia mbele ya nchi nzima, "Shoga, ukoko hugawanywa. Hata paka wa kwenu anajua." Walitolewa wiki hiyo hiyo, wote wawili. Walirudi kwa basi moja, mmoja mbele, mmoja nyuma kabisa. Kibanda hakijafunguliwa tangu siku hiyo, na madereva wa bajaji wanashinda na kahawa tupu.

2. Jambo hili lingeisha hapa ukumbini. Nimesuluhisha magomvi mia nne na sita, likiwemo la nguruwe aliyekula gauni la harusi. Lakini ofisi yenu iliwapigia simu wote wawili, ikawaambia kwamba kipindi kina kiti kimoja cha mlalamikaji na kimoja cha mshtakiwa, wakubaliane nani akae wapi. Tangu hapo hawagombanii ukoko tena. Wanagombania kiti cha mlalamikaji. Nilimuuliza Teodelyn tofauti iko wapi, maana wote wataonekana. "Mzee Anselmo," akanijibu, "mlalamikaji huitwa kutangaza sabuni. Mshtakiwa huitwa na mama mkwe ajieleze."

3. Kwa kuwa mlalamikaji lazima awe amekosewa, hakuna anayekubali kumkosea mwenzake. Nimeona uadui wa kila aina, huu ni mgeni kwangu. Jumatatu Teodelyn alifagia mbele ya nyumba ya Rhodora. Rhodora akamjibu kwa keki ya mchele, nzima, na jibini juu. Jumapili walipishana mlangoni mwa kanisa, "tangulia wewe", "hapana, wewe kwanza", hadi padri akamaliza kusoma Injili wao wako nje. Katika kikao cha pili cha usuluhishi hapa ukumbini Rhodora alisema, "Nitukane basi mara moja tu, Mzee akiwa anasikia, tumalize."

"Nikutukane wewe, uliyenifundisha kukanda tambi? Nianzie wapi?"

"Mnafiki mkubwa."

"Mzee, andika hilo. Ameniita mnafiki."

Rhodora aliona alikoteleza. Aliomba radhi papo hapo, akauchukua mkono wa Teodelyn, akaugusisha kwenye paji la uso wake, heshima ya wazee, kama anavyomfanyia bibi yake. Teodelyn anamzidi miezi minne. Alilia kwa hasira, maana hakubakiwa na kosa hata moja la kumshtaki Rhodora nalo.

4. Sheria, kama ujuavyo, inasema majirani wa mtaa mmoja hawaendi mahakamani mpaka baraza litoe hati kwamba usuluhishi umeshindikana. Kipindi chenu nacho hudai hati hiyo, na kwa hilo nawasifu. Tatizo ni kwamba sijawahi kutia saini hata moja. Fomu zililetwa mia moja nilipoanza kazi. Zingali zimefungwa na uzi wake, nazo ndizo zilizoinua feni ya ukumbi. Hawa wawili, wasiopatana hata kuhusu saa ya ukutani, wanapatana kwamba niwape hati. Nimekataa mara tatu. "Mzee, kushindwa si dhambi," Rhodora ameniambia kwa upole. "Weka saini, ukapumzike."

5. Ugonjwa umeenea. Mwaka 2011 niliwapatanisha majirani wawili kuhusu jogoo. Wiki iliyopita walikuja, bega kwa bega, wakaomba ugomvi wao ufufuliwe ili nao waonekane kwenu. Jogoo mwenyewe aliliwa siku ya mapatano, nami nilipewa paja. Wanasema watatafuta mwingine wa kumwakilisha. Mke wa kapteni, yaani mkuu wa mtaa, amekuja kuuliza kama inaruhusiwa kumshtaki kapteni, na kwa lipi. Ninaogopa mtaa ambao watu huamka asubuhi wakitafuta aliyewakosea.

Baada ya kuyapima hayo nina ombi moja. Kila kesi inahitaji mshtakiwa, na hapa hakuna mtu anayetaka kuwa mshtakiwa. Naomba mshtakiwa iwe sufuria. Ndiyo iliyotenda: isingeunguza wali, kusingekuwa na ukoko; kusingekuwa na ukoko, kibanda kingekuwa wazi. Haina mama mkwe. Haitakata rufaa. Iko bado katika nyumba ile ya kamera, na kuileta studio ni kazi ya mtu mmoja. Isimame kizimbani, hakimu aikaripie, Rhodora na Teodelyn wakae nyumbani kwao waitazame ikihukumiwa, kisha wakawashe moto wa lomi.

Mkikataa, msitegemee hati kutoka kwangu. Hakuna mkazi wa San Roque Ilaya atakayesimama katika mahakama yenu nikiwa hai na kalamu ikiwa mikononi mwangu.

Nisalimie hakimu, ale tangawizi. Wasalimie wapiga picha, wanaopaka watu poda, na yule mama wa safu ya mbele anayetikisa kichwa kabla hajasikia kesi. Madereva wa bajaji wanawasalimu, kwa sauti ndogo, kwa sababu ya njaa.

Wako katika kutafuta amani,
Anselmo Katigbak
Mwenyekiti, Baraza la Usuluhishi

Tanbihi: Nilikwenda kutafuta bahasha. Niliporudi niliwakuta Rhodora na Teodelyn wameketi benchi moja, wanaisoma barua hii, kila mmoja ameshika upande wake wa karatasi. "Sufuria haina machozi, Mzee," Teodelyn akasema. "Na sisi tumeshapata mshtakiwa." Wamefungua shauri namba 407, wote wawili wakiwa walalamikaji, dhidi ya mwenyekiti wa baraza, kwa kuwanyima hati yao kwa makusudi. Kiti watashirikiana: Rhodora atakaa, Teodelyn atasimama nyuma amemwekea mkono begani. Wameshafanya mazoezi, na inapendeza.

Nilijaribu kusuluhisha kama sheria inavyotaka, vikao vitatu kabla ya chakula cha mchana. Mshtakiwa alikuwa mkaidi kuliko wote niliowahi kukaa nao. Naambatanisha hati, ya kwanza katika miaka kumi na tisa. Uzi ulikatika wenyewe, na feni sasa inainama kidogo. Alhamisi inanifaa. Shati langu la sherehe, barong, liko kwa fundi. Naomba nikalishwe kulia kwa hakimu, maana sikio langu la kushoto ndilo zima.

Kibanda kimefunguliwa saa sita, na nimeletewa bakuli. Chumvi imezidi, lakini sisemi kitu: kiti cha mlalamikaji kimeshajaa.